Meno ya Sproketi Hayaongezi Farasi

Vijiweni mwa bodaboda, kuanzia Mbagala hadi Mbeya, na ng'ambo ya mpaka kutoka Kisii hadi Kitale, kuna imani kwamba pikipiki iliyochoka huponywa kwa sproketi. Dereva analalamika kuwa chombo hakivuti. Fundi anafungua gurudumu la nyuma, anatoa sproketi ya meno 42, anafunga ya meno 45, na jioni ileile dereva anapanda kilima kilichomshinda asubuhi. Anarudi kijiweni akitangaza kuwa injini imepata nguvu. Kilima kimepandwa kweli, hilo halina ubishi. Lakini injini haikupata nguvu hata chembe, na asiyetofautisha mambo hayo mawili atalipa: kwenye mafuta, kwenye cheni, kwenye joto la injini, na kwenye fedha aliyompa fundi kuuficha ugonjwa badala ya kuutibu.

Tuanze na hesabu, maana hapa hesabu ni rahisi. Sproketi ndogo ya mbele imefungwa kwenye shafti inayotoka kwenye giaboksi, kubwa ya nyuma imefungwa kwenye kitovu cha gurudumu, na cheni inaziunganisha. Mbele pakiwa na meno 14 na nyuma 42, ya mbele huzunguka mara 3 ndipo gurudumu lizunguke mara 1. Weka 45 nyuma, sasa ni mara 3.21. Ongezeko ni la asilimia 7. Ukipenda njia ya bei nafuu, acha ya nyuma kama ilivyo na upunguze jino moja mbele: 42 kwa 13 ni 3.23, karibu sawa na kuongeza meno matatu nyuma. Ndiyo maana mafundi wengi hugusa ya mbele kwanza.

Sproketi hufanya kazi ya mtarimbo. Mtarimbo mrefu hung'oa jiwe ambalo mikono mitupu imeshindwa, lakini mkono nao husafiri safari ndefu zaidi kwa kila inchi ambayo jiwe linanyanyuka. Kinachopatikana kwenye msukumo kimelipiwa kwenye mwendo. Kwa sproketi ya 45 gurudumu linasukuma ardhi kwa asilimia 7 zaidi, na kwa mizunguko ileile ya injini pikipiki inasonga kwa kasi iliyopungua kiasi kilekile. Zidisha msukumo kwa mwendo, utapata jibu lilelile la kabla fundi hajashika spana. Jibu hilo ndilo tunaloliita nguvu za farasi.

Kipimo hiki tumerithi kutoka kwa James Watt, fundi wa Scotland wa karne ya 18, aliyetaka kuwaonyesha wenye vinu na viwanda ni farasi wangapi watakaopumzishwa wakinunua injini yake ya mvuke. Alikadiria kuwa farasi mmoja anaweza kuinua paundi 33,000 kwa futi moja katika dakika moja, ambayo leo ni takriban wati 746. Watengenezaji wengi wa pikipiki hutumia farasi wa kimetriki, aliye mdogo kidogo: kilo 75 zikiinuliwa mita moja kwa sekunde moja. Tazama kilichomo ndani ya kipimo hicho: uzito, umbali na muda. Mzigo peke yake hautoshi kuwa nguvu za farasi. Lazima uulize umeinuliwa upesi kiasi gani, na hapo ndipo madai ya sproketi hukwama.

Turudi kwenye kilima kile, tukiwa na namba mkononi. Pikipiki ya cc 150 kama Bajaj Boxer hutangazwa kwa nguvu za farasi zipatazo 12. Baadhi hupotea kwenye klachi, gia na cheni kabla ya kufika barabarani, kwa hiyo tuseme gurudumu linabaki na 10 na ushei. Chombo chenyewe kina kilo 120, dereva 70, na nyuma kuna gunia la mahindi la kilo 90. Jumla 280. Njia ya kijijini inapanda mita 20 kwa kila mita 100. Mteremko huo peke yake unairudisha pikipiki nyuma kwa kani ya kilo 56, na udongo na matairi vinaongeza 5. Zinahitajika kilo 61 ili tu kuendelea kupanda bila kupunguza mwendo.

Sasa chukua gia ya pili. Kwa sproketi ya 42, tuseme gurudumu linasukuma kwa kani ya kilo 76. Baada ya kulipa deni la kilo 61, zinabaki 15 za kuongeza mwendo. Funga ya 45: msukumo unapanda hadi kilo 81 na kitu, na masalio yanakuwa 20. Kutoka 15 hadi 20 ni zaidi ya theluthi moja! Dereva aliyesema chombo chake kimebadilika kabisa hakusema uongo. Mabadiliko ya asilimia 7 kwenye meno yamekuwa zaidi ya asilimia 30 kwenye kile anachokihisi mgongoni, kwa sababu mlima ulikuwa umekula karibu kila kitu. Mpeleke mtu huyohuyo kwenye tambarare ya Dodoma na mzigo uleule. Deni la barabara ni kilo 5 tu, masalio yanatoka 71 kwenda 76, na tofauti inarudi kuwa asilimia 7 hivi. Atahisi kidogo, pengine asihisi.

Lakini angalia pia dari ya hesabu hii. Farasi 10 na ushei walio kwenye gurudumu ni sawa na kuinua kilo 780 mita moja kwa sekunde. Gawanya kwa zile 61 zinazodaiwa na mlima, utapata mita 12.8 kwa sekunde, yaani kilomita 46 kwa saa, hata tukiusahau upepo. Funga sproketi yoyote iliyopo sokoni, ya meno 36 au 50: pikipiki hiyo na gunia lake haitapanda njia hiyo kwa kilomita 47. Meno huamua kama utaifikia dari au utazimia njiani. Urefu wa dari umeamuliwa na injini.

Hapo ndipo panapopotosha wengi kwenye mjadala wa kuchomoka. Vijana wanaopenda mwendo hufunga sproketi kubwa nyuma wakiamini kuwa kwa kila sekunde ya safari watakuwa mbele kwa asilimia 7. Sivyo. Msukumo mkubwa kwenye gia ya kwanza unamaanisha gia hiyo inaisha mapema. Aliyekuwa akibadili kwenda ya pili kwenye kilomita 30 kwa saa sasa anabadili kwenye 28. Kati ya 28 na 30 yeye yuko gia ya pili, mwenzake bado yuko ya kwanza, na kwa muda huo mfupi mwenzake ndiye anayesukuma zaidi. Hali hiyo hujirudia kila gia. Kwenye kasi yoyote utakayoitaja, msukumo barabarani ni nguvu ya injini kwa wakati huo ikigawanywa kwa kasi hiyo. Sproketi haina nafasi katika hesabu hiyo ila kwa mlango mmoja: inaamua injini itakuwa kwenye mizunguko mingapi ukifika kasi hiyo. Ikikuweka kwenye mizunguko ambayo injini inatoa nguvu nyingi, umepata faida. Ikikuondoa hapo, umepoteza.

Faida kubwa basi iko mwanzo kabisa wa safari, kabla gia ya kwanza haijaisha, pale ambapo hakuna gia ya chini zaidi ya kukimbilia. Hata hapo kuna tozo. Krenki, flaiwili na klachi navyo lazima viongezwe kasi kila unapovuta mafuta, na uzito wao unavyohisiwa barabarani hukua kwa mraba wa uwiano. Uwiano ukipanda kwa asilimia 7, mzigo huo wa ndani unapanda kwa karibu 15. Sehemu ya ulichoongeza inaliwa na injini yenyewe.

Jambo hilohilo ndilo linalovuruga vipimo vya kwenye mashine, na nalipa nafasi kubwa kwa sababu biashara ya kuongeza nguvu za pikipiki hujitetea kwa karatasi za mashine hizo. Dainamomita inayotumika sana kwa pikipiki duniani, iliyosambazwa zaidi na kampuni ya Dynojet ya Marekani, ni pipa zito la chuma lililolazwa sakafuni. Gurudumu la nyuma linakaa juu ya pipa, dereva anaingiza gia moja, anafungua mafuta yote, na kompyuta inatazama pipa linaongeza kasi upesi kiasi gani. Kwa kuwa ukaidi wa pipa unajulikana, nguvu inapigiwa hesabu kutokana na jinsi lilivyochangamka. Mashine haikupima injini moja kwa moja. Imepima kilichobaki baada ya injini kujizungusha, gia kusuguana, cheni kujikunja na tairi kubonyea.

Mpimie mtu pikipiki yake kwa sproketi ya 42, kisha ya 45, gia ileile. Kwa ya 45 injini inakimbia kutoka mizunguko 3,000 hadi 8,000 kwa dakika katika muda mfupi zaidi. Vyuma vyake vya ndani vinaongezwa kasi kwa haraka zaidi, kwa hiyo vinakula zaidi, na kinacholifikia pipa kinapungua kidogo. Karatasi inatoka ikionyesha farasi wachache kuliko mwanzo. Pikipiki inayopanda mlima vizuri zaidi imepata alama ndogo. Ndiyo sababu pia ukipima kwenye gia ya pili unapata namba ndogo kuliko ya nne, ingawa injini ni ileile na dereva ni yuleyule. Upande mwingine, gia ya juu kabisa hulizungusha gurudumu kwa kasi kubwa, tairi linapata moto na kumeza sehemu yake. Wapimaji makini huchagua gia moja ya kati, mara nyingi ile ambayo uwiano wake ndani ya giaboksi unakaribia moja kwa moja, na hawaibadilishi kati ya kipimo na kipimo. Mashine za aina nyingine, zinazoishika injini kwa breki ya umeme au ya maji ikiwa kwenye mizunguko isiyobadilika, hazina tatizo hili la vyuma kuongezwa kasi, kwa kuwa hakuna kinachoongezwa kasi.

Kwa meno matatu tofauti yenyewe ni ndogo, na mara nyingi humezwa na upepo wa tairi au joto la chumba. Hatari iko kwenye mchoro wa pili wa karatasi ileile, ule wa msokoto, yaani kani ya kuzungusha. Mashine hupata msokoto wa injini kwa kugawanya nguvu kwa mizunguko ya injini, na mizunguko hiyo huisoma kwa waya unaofungwa kwenye koili ya plagi. Waya usipofungwa, mpimaji anaweza kuiambia kompyuta ikisie mizunguko kutokana na kasi ya pipa na uwiano wa gia. Badilisha sproketi bila kuibadilishia kompyuta uwiano, na mchoro wa msokoto unapanda kwa asilimia 7 pasipo injini kuguswa. Au mpimaji akupe msokoto wa kwenye gurudumu badala ya wa injini: huo utapanda kihalali kabisa, maana ndiyo kazi ya sproketi, lakini asikuuzie kama nguvu mpya. Ukiletewa karatasi ya kabla na ya baada, uliza kwanza gia gani, sproketi gani, na mizunguko imesomwa wapi. Asiye na majibu matatu hayo hana kipimo.

Kwa madereva wetu wengi, hata hivyo, mashine hizo ziko mbali. Mwizi wao wa farasi yuko hewani. Nairobi na Mbeya ziko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo hewa ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 15 kulinganisha na Mombasa au Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo huvuta hewa hiyo nyembamba na kutoa nguvu pungufu kwa kiasi hichohicho. Ikiwa ni ya kabureta iliyotegeshwa pwani, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa petroli inakuwa nyingi kuliko hewa: plagi inaingia masizi, moshi mweusi unatoka. Pikipiki iliyonunuliwa Kariakoo na kupelekwa Uyole kule Mbeya inawasili ikiwa imeacha sehemu ya farasi wake njiani, na fundi wa huko akibadili sproketi bila kugusa kabureta amerudisha msukumo kwenye gia za chini huku chombo kikiendelea kumwaga mafuta. Sproketi kubwa kwa wanaopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, au kutoka Tambach kwenda Iten, ina mantiki kamili. Ila kabureta itazamwe kwanza.

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi: sproketi kubwa inaweza kuongeza kasi ya mwisho. Tuseme injini inatoa nguvu yake yote kwenye mizunguko 7,500, na gia ya tano imepangwa ifike hapo kwenye kilomita 100 kwa saa. Pakia abiria wawili na mizigo, upepo uwe wa mbele, na chombo kinagota kwenye 85. Hapo injini iko kwenye mizunguko 6,375, chini ya kilele chake, na haina namna ya kukifikia. Kwa sproketi ya 45, kasi ileile ya 85 inaiweka kwenye 6,830, karibu zaidi na farasi wake wote, na kilomita chache zinaongezeka. Akiwa bila mzigo, dereva huyohuyo atakikuta kilele kwenye 93, na injini italia bure akitaka zaidi. Kiwanda kilichagua 42 kwa mtu wa wastani. Nani kati ya waendesha bodaboda wa Uluguru ni mtu wa wastani?

Kwenye mbio wamelielewa hili zamani. Pikipiki za speedway, zinazozunguka viwanja vya mviringo vya udongo huko Poland, Uingereza na Sweden, zina injini ya cc 500, gia moja tu na hazina breki. Timu ikifika uwanjani hutazama udongo, urefu wa mzunguko na unyevu, kisha huchagua sproketi ya nyuma. Hakuna giaboksi ya kusahihisha kosa. Pikipiki za umeme zenye cheni zinazoingia mijini kwetu ziko katika hali hiyohiyo, nyingi hazina giaboksi, na meno ya nyuma ndiyo gia yake ya kwanza na ya mwisho. Watakaozitengeneza watalazimika kujua hesabu hii vizuri kuliko sisi.

Gharama sasa. Injini inayozunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita husuguana zaidi, hunywa zaidi na huchakaa zaidi. Dereva wa mjini asiyepanda mlima wowote, aliyefunga 45 kwa kuiga, analipia kila siku kitu asichokitumia. Kinyume chake pia ni kibaya: sproketi ndogo nyuma kwa kutafuta mwendo humfanya atelezeshe klachi kila anapoondoka na mzigo, na klachi inaungua.

Kupunguza meno mbele nako kuna mpaka. Cheni ya roli, aliyoibuni Hans Renold jijini Manchester mwaka 1880, haizunguki sproketi kama duara. Inakaa juu yake kama umbo la pembe nyingi, kwa hiyo mwendo wake hupanda na kushuka kila jino linapopita. Kwa meno 16 mtikisiko huo ni karibu asilimia 2, kwa 14 ni 2.5, kwa 12 unafika 3.4. Viungo pia vinakunjwa zaidi kuzunguka sproketi ndogo, na cheni inakufa mapema. Ndiyo sababu nashauri kuongeza nyuma kuliko kupunguza mbele, ingawa bei ni kubwa zaidi. Ukiongeza meno matatu kwenye cheni ya 428 iliyozoeleka kwenye pikipiki hizi, ekseli ya nyuma italazimika kusogea mbele kwa karibu milimita 10. Kama nafasi hiyo haipo, fundi asikaze cheni mpaka inung'unike, aongeze viungo viwili. Na ikiwezekana chagua idadi ya meno isiyo shufwa, 43 au 45, kwa kuwa cheni huwa na viungo shufwa, na hapo uchakavu husambaa kwa viungo vyote badala ya kurudia meno yaleyale.

Spidomita za Boxer na nyingi za aina yake husoma gurudumu la mbele, hazitadanganyika. Kwenye pikipiki nyingi kubwa za Kijapani kihisio kiko kwenye giaboksi, na baada ya kufunga 45 spidomita itasoma asilimia 7 zaidi ya ukweli, pamoja na kilomita zinazoandikwa. Anayenunua pikipiki ya mtumba ahesabu meno kabla ya kuamini namba.

Nawasihi mafundi, kwa kuwa ninyi ndio madaktari wa vyombo hivi: dereva akija na kilio kuwa chombo hakivuti, msifungue gurudumu kwanza. Tazameni kichujio cha hewa, plagi, mkao wa kabureta, klachi inayoteleza, breki inayobana, mgandamizo wa silinda. Yote hayo yakiwa mazima, ulizeni anafanyia kazi wapi na anabeba nini, ndipo mhesabu meno. Na wewe dereva, ukifungiwa sproketi mpya, andika idadi ya meno ya mbele na ya nyuma kwenye daftari lako la mafuta, upime lita na kilomita kwa wiki moja kabla na wiki moja baada. Kipimo hicho hakihitaji mashine, na kitakuambia kama kilima chako kilistahili meno yale matatu.